Nakala 200 au 1,000? Jibu kwa mwalimu wa Mwanza mwenye riwaya mkononi

Swali: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Nimeandika riwaya ya mapenzi na upelelezi. Nilianza kuirusha kwa vipande kwenye WhatsApp na Facebook, watu wakaipenda sana, na sasa imefika kama maneno 90,000. Niliupeleka mswada kwa wachapishaji wawili wa Dar es Salaam, mwaka umepita sijasikia neno. Mpiga chapa mmoja ameniambia nakala 200 atanitoza shilingi 6,500 kila moja, ila nikichapa 1,000 bei inashuka hadi 3,800. Nataka kuuza kwa 12,000. Nafikiria kukopa kwenye kikoba chetu cha walimu nichape hizo 1,000. Wengine wananiambia niachane na karatasi, niweke Amazon. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na hongera. Kufikisha maneno 90,000 huku unafundisha na madaftari ya kusahihisha yanakusubiri nyumbani ni kazi kubwa, na wengi walioanza pamoja nawe wamekwama sura ya tatu. Nitaanza na hela, maana hapo ndipo unapoweza kuumia mapema.

Chapa 200, na usikope.

Hebu tupige hesabu kwa namba zako mwenyewe. Nakala 200 kwa 6,500 ni shilingi 1,300,000. Ukiuza mkono kwa mkono kwa 12,000, mtaji wako unarudi ukifikisha nakala 109. Nakala 1,000 kwa 3,800 ni 3,800,000, na hapo ni mpaka uuze nakala 317 ndipo uanze kuiona faida, bila kuhesabu riba ya kikoba. Hizo ni za kuuza mwenyewe. Ukipitia dukani, ambako muuzaji huchukua asilimia 30 hadi 40, mambo yanabadilika: kwa asilimia 35 unabakiwa na 7,800 kwa kila kitabu, na hizo nakala 317 zinakuwa 488. Hapo bado hujatoa nakala za bure za maktaba, za wahariri wa magazeti, na za wajomba ambao hawatakubali kununua kitabu cha mtoto wao.

Najua kinachokuvuta ni ile tofauti ya shilingi 2,700 kwa kila nakala. Kwenye karatasi inaonekana unatupa pesa ukichapa chache. Lakini bei inashuka kwa sababu za mashine za mpiga chapa, na hazihusiani kabisa na wingi wa wasomaji wako. Mashine ya ofseti inahitaji pleti, yaani mabamba yenye sura ya kurasa, na inahitaji kutegeshwa, na gharama hiyo ni ileile utoe nakala 200 au 5,000, kwa hiyo ikigawanywa kwa nakala nyingi kila moja inabeba kidogo. Uchapaji wa kidijitali hauna pleti, na ndiyo maana nakala ya 50 na ya 500 hazipishani sana bei. Muulize mpiga chapa wako zile 200 anazitoa kwa mashine ipi. Kama ni ofseti, tafuta bei ya kidijitali kwa wapiga chapa wengine wawili kabla hujaamua.

Na kikoba, Mwalimu, kina tarehe ya marejesho. Riwaya haina tarehe. Kuna kitabu kinachotoka chote ndani ya wiki mbili za kwanza halafu kimya miezi minne, halafu mtu mmoja wa Songea anakisifia na oda zinaanza upya. Mauzo ya namna hiyo yanavumilika ukiwa umechapa kwa akiba yako. Ukiwa umechapa kwa hela za walimu wenzako mnaokutana kila asubuhi, utajikuta unauza kwa 5,000 ili upate rejesho la mwezi, na yule aliyenunua kwa 12,000 hatakuamini tena.

Idadi ya kuchapa isitoke kwa mpiga chapa. Itoke kwenye daftari. Nunua counter book, chora safu: jina, namba ya simu, mji, amelipa kiasi gani, kitabu kimetumwa kwa njia ipi, amepokea lini. Kisha tangaza kwa wasomaji wako kwamba kitabu kinakwenda mtamboni na unapokea oda za awali, bei ya oda 10,000, baada ya hapo ni 12,000. Toa namba moja ya malipo tu, lipa namba iliyosajiliwa kwa jina lako, ili mtu asibaki akijiuliza anamtumia nani. Waliosema "mwalimu hii kali, ikitoka nitafutie" usiwaandike. Andika waliolipa. Watu 60 wakilipa kabla ya mtambo kuwaka, laki sita iko mkononi, karibu nusu ya gharama ya nakala 200, na sasa unajua wasomaji wako wako zaidi Geita, Kahama na Bukoba kuliko Dar. Wakilipa watu 12, umepata taarifa chungu kwa bei nafuu. Rudisha hela zao au subiri huku ukiendelea kujenga wasomaji.

Lakini kabla ya mpiga chapa kuna mhariri, na hapa naomba univumilie, kwa sababu ndipo riwaya nyingi za kujichapishia zinapoharibikia. Hadithi iliyoandikwa kwa vipande vya simu haigeuki kitabu kwa kuunganisha vipande. Kipande cha WhatsApp kina kazi zake: kumkumbusha msomaji wa jana, kumshtua mwishoni, kumfanya aulize "itaendelea lini?" Msomaji wa kitabu hakusubiri siku mbili. Amefungua tu ukurasa unaofuata. Nakutungia mfano, usidhani nimeutoa kwako:

"Kama mnavyokumbuka, Zuhura alikuwa amefika stendi ya Nyegezi akitokea Dodoma, moyo ukimwenda mbio, akiwa hajui kwamba Kado, yule kijana aliyemsaliti kule Tabora, alikuwa amesimama pembeni akimtazama kwa macho makali yaliyojaa chuki."

Kwenye simu hii inapita, tena inapata mioyo myekundu. Kitabuni, msomaji ametoka kusoma habari za Tabora dakika kumi zilizopita. Hana haja ya kukumbushwa. Moyo wa Zuhura umeshakwenda mbio sura nne mfululizo. Na tukimwambia msomaji kwamba macho yamejaa chuki, tunamnyima raha ya kuogopa mwenyewe. Mhariri mzuri angekurudishia hivi:

"Zuhura alishuka Nyegezi saa tano usiku. Kado alikuwa ameegemea kibanda cha tiketi, kofia mkononi."

Kofia mkononi, kwa nini? Hapo ndipo msomaji anapofunua ukurasa. Pitia mswada wote kwa jicho hilo: ondoa kila "kama mnavyokumbuka," punguza mishtuko ya mwisho wa kipande ibaki ile ya kweli, unganisha vipande vitatu au vinne viwe sura moja inayopumua. Maneno 90,000 yakishuka hadi 75,000, kitabu kitanoga, na gharama ya kuchapa nayo itashuka, kwa kuwa kwa ukubwa wa A5 umepunguza kurasa kama 50.

Wewe ni mwalimu, na bila shaka una mwenzako wa Kiswahili anayeweza kukamata "h" zilizopotea na "l" zilizogeuka "r". Mpe kazi hiyo, na umlipe hata kama ni rafiki. Ila kwa hadithi yenyewe tafuta mtu asiyekufahamu, anayesoma riwaya kwa mapenzi yake, atakayethubutu kukwambia kwamba sura ya saba inachosha. Umoja wa waandishi wa riwaya, UWARIDI, una watu waliochapisha kwa njia hii unayotaka kuifuata. Watafute, uliza wanamtumia mhariri gani. Hela ikiwa haitoshi vyote viwili, mhariri na kava la kifahari, chagua mhariri. Kava baya humfukuza mnunuzi mmoja mmoja. Uhariri mbaya humfanya aliyenunua asinunue kitabu chako cha pili, na faida ya mwandishi wa riwaya anayejitegemea huanza kuonekana kwenye kitabu cha pili na cha tatu, pale msomaji mpya anaporudi nyuma kutafuta cha kwanza.

Kava lenyewe lipime kwenye simu. Wanunuzi wako wataliona kwanza likiwa dogo kwenye status, upana wa vidole viwili. Kama jina la kitabu halisomeki hapo, limeshindwa. Na mbunifu asimalizie mgongo wa kava kabla kurasa hazijapangwa na idadi yake ya mwisho kujulikana, maana unene wa mgongo unategemea idadi ya kurasa na uzito wa karatasi. Kurasa 250 za karatasi ya gramu 70 hazina unene wa kurasa 300 za gramu 80, na ndiyo sababu unaona vitabu ambavyo jina la mgongoni limeteleza likaingia upande wa mbele.

Usiruhusu mtambo uwake kwa nakala zote kabla hujashika nakala moja ya mfano. Ikifika, ifungue katikati kabisa, uibonyeze ilale mezani. Sikiliza gundi. Ikilia na karatasi kuanza kuachia, msomaji wa tatu kuazima hatapata kitabu, atapata karatasi zilizotawanyika. Angalia maneno ya upande wa ndani: kama inakubidi uvute kurasa kwa nguvu ili uone mwisho wa mstari, nafasi ya ndani ni ndogo, iongezwe. Soma namba za kurasa zote, moja hadi ya mwisho, kwa kidole. Kisha mpe mtu mwingine aisome nakala hiyo nzima akiwa na kalamu nyekundu. Wewe hutayaona makosa, kwa sababu unaisoma kwa kumbukumbu.

Kwenye makubaliano na mpiga chapa, pamoja na mbunifu wako, andika kwamba faili za ndani na za kava ni mali yako na utakabidhiwa. Kuna waandishi wanaotaka kurudia chapa mwaka unaofuata wanakuta hawana kitu, wanaanza upya kulipia kazi waliyokwisha kuilipia. Na ukikutana na kampuni inayokutoza gharama zote za uchapaji huku ikitaka haki za kitabu na sehemu ya mauzo, ondoka. Aliyeweka hela ndiye mwenye kitabu, na hapa aliyeweka hela ni wewe.

Mambo ya sheria si mazito. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na namba za kwetu huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912. Omba kwa jina lako, si la mpiga chapa, na kumbuka nakala ya karatasi na ya kielektroniki kila moja ina namba yake. Ukishachapa, peleka nakala Maktaba Kuu kama sheria inavyotaka. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni kujiwekea ushahidi siku mtu atakapoibuka na riwaya yako akiwa amebadilisha jina la mhusika wako kuwa Neema. Kwa hiyo sajili, na tunza rasimu zako za zamani zenye tarehe.

Sasa kuuza. Jambo la kwanza ni gumu kwa mtu aliyezoea kupendwa kila jioni: acha kurusha hadithi nzima bure. Acha theluthi ya kwanza ibaki wazi, tena iliyohaririwa, iishie pale ambapo mtu hawezi kulala bila kujua. Iliyobaki iwe kitabuni. Watakaokasirika wapo, na baadhi watakwambia umebadilika. Wajibu kwa upole na bei.

Msomaji wa mkoani hununua akiamini kitabu kitafika. Kwa hiyo siku ya kutuma, piga picha ya bahasha yenye jina lake, mtumie pamoja na risiti ya basi na namba ya kondakta au ya ofisi ya mizigo, na umwambie saa ya kufika. Mzigo wa Bukoba unaweza kwenda kwa meli. Bei ya usafiri iseme wazi tangu mwanzo, nani anailipa. Akipokea, muombe akupigie picha akiwa na kitabu, na umuulize kama unaruhusiwa kuiweka. Picha ya mama mmoja wa Sengerema akiwa dukani kwake na kitabu juu ya kaunta inauza kuliko bango lolote utakalotengenezewa, kwa sababu wateja wake wanamjua.

Maduka ya vitabu yape nakala tano tano kwa mali kauli, uandike hati ya makabidhiano, isainiwe, urudi baada ya mwezi. Zikiisha, peleka tano nyingine. Usimwachie mtu nakala 50 kwa sababu tu amekuchangamkia. Shule na vyuo vyenu vya Mwanza ni soko la karibu zaidi, ila kama riwaya ina vitanda vingi, omba meza kwenye chuo na uache sekondari. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, watu hutafuta wa kuzungumza. Jitolee mapema, Mei, uende na boksi la vitabu.

PDF itavuja, hilo ulijue. Ukiamua kuuza nakala ya kielektroniki, weka jina na namba ya simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa. Haizuii wizi wote, lakini mtu husita kurusha kwenye kundi faili lenye namba yake.

Kuhusu Amazon, sikatai, nasema isiwe ya kwanza. Kabla ya yote fungua orodha ya lugha wanazozipokea kwenye Kindle, yaani vitabu vyao vya kielektroniki, uangalie kama yako imo, kwa sababu kitabu cha lugha iliyo nje ya orodha kinaweza kukataliwa. Mrabaha wao, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, wa asilimia 70 unahusu vitabu vya bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99 na kwa nchi maalumu. Kwingineko ni asilimia 35. Mauzo ya Marekani yanakatwa kodi ya asilimia 30 huko huko, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba msomaji wako wa Kahama analipa kwa simu, hana kadi ya benki ya kununulia mtandaoni, na hakuwahi kushika kifaa cha Kindle. Njia hiyo iache kwa ajili ya ndugu zetu walio Uingereza, Marekani na Kanada, ukishawajua kwa majina kutoka kwenye lile daftari.

Usione haya kwa kujichapishia. Shaaban Robert mwenyewe alichapa baadhi ya kazi zake kwa kampuni aliyoianzisha Tanga. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alianzisha Heko Publishers. Riwaya za Eric Shigongo zilipata wasomaji wake kwa vipande, kwenye magazeti ya kampuni yake. Unapita njia yenye nyayo za wakubwa.

Kuna jambo moja ulifikirie kabla hujaagiza hata nakala ya mfano: tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyoanza kutolewa Aprili 2023, na ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zote zina kipengele cha riwaya. Soma masharti ya mwaka husika, hasa kuhusu kazi ambayo imeshachapishwa au imerushwa mtandaoni. Ukiona riwaya yako inakubalika kama mswada tu, amua kama uko tayari kusubiri. Mimi ningepeleka kwenye tuzo riwaya yangu ya pili, nitakapoiandika, na hii niitoe, kwa sababu wasomaji wake wapo na wamechangamka leo.

Na wale wachapishaji wawili? Kimya chao usikichukue kama hukumu. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya watu wazima huwekwa chini ya rundo. Waandikie sasa, kwa heshima, mistari miwili tu: kwamba uliwasilisha mswada tarehe fulani, hujapata jibu, na unauondoa kuanzia leo. Tunza nakala ya barua hiyo. Barua hiyo ikimwamsha mmoja wao akakuita, nenda, lakini uliza kwanza: mrabaha ni asilimia ngapi, na ni ya bei ya jalada au ya fedha anayopokea mchapishaji baada ya kutoa punguzo la duka? Mkataba ni wa miaka mingapi? Kitabu kikiisha sokoni na wao wasikirudie, haki zinarudi kwako baada ya muda gani? Atakayeshindwa kukuandikia majibu hayo kwenye karatasi, mshukuru kwa chai, urudi kwenye daftari lako la oda.